Ritani ya Kodi ya Mapato kwa Mtanzania Anayeishi na Kufanya Biashara Palma na Mocímboa da Praia

Makala hii ni kwa wafanyabiashara na wasafirishaji kutoka Tanzania wanaoishi, au wanaokaa sehemu kubwa ya mwaka, katika pwani ya kaskazini ya jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji: Palma, Quionga, Mocímboa da Praia na vijiji vya jirani. Inaeleza nani anatakiwa kuwasilisha ritani ya kodi ya mapato, nchi ipi, tarehe ipi, na karatasi zipi zinamwokoa asitozwe kodi mara mbili kwa pato lilelile.

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili: stakabadhi ya forodha si ritani ya kodi ya mapato. Unapovusha mchele, saruji au vitenge kwa pantoni ya Kilambo na kupita Namoto, au unapopita Daraja la Umoja la Mtambaswala na Negomano lililofunguliwa Mei 2010, unalipa ushuru wa bidhaa pamoja na kodi ya ongezeko la thamani inayotozwa kwenye uingizaji. Kodi hiyo ya ongezeko la thamani, ambayo Msumbiji inaitwa IVA, ilishushwa kutoka asilimia 17 hadi 16 kuanzia Januari 2023. Malipo yote hayo yanahusu mzigo. Kodi ya mapato inahusu faida yako wewe mwenye mzigo, na hulipwa kwa mwaka. Mtu anaweza kuwa na bahasha imejaa stakabadhi za mpakani na bado akahesabiwa kuwa hajawahi kuwasilisha ritani hata moja.

MKAAZI NI NANI?

Uraia peke yake hauamui unalipa kodi wapi. Kinachoamua ni ukaazi kwa ajili ya kodi, na kila nchi ina kipimo chake.

Msumbiji: Kwa mujibu wa sheria ya kodi ya mapato ya watu binafsi (Sheria Na. 33/2007 ya tarehe 31 Desemba 2007, kodi yenyewe ikijulikana kwa kifupi kama IRPS), mtu ni mkaazi akikaa nchini zaidi ya siku 180 katika mwaka, ziwe zimefuatana au zimekatika katika vipindi. Hata aliyekaa siku pungufu anaweza kuhesabiwa mkaazi akiwa na nyumba ya kuishi huko katika mazingira yanayoonyesha kwamba anakusudia kuifanya makazi yake ya kawaida.

Tanzania: Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mtu binafsi ni mkaazi wa mwaka husika kwa njia hizi:
1. Ana makazi ya kudumu Tanzania na amekuwepo nchini sehemu yoyote ya mwaka huo, hata kama ni siku chache tu, au
2. Amekuwepo nchini siku 183 au zaidi katika mwaka huo, au
3. Amekuwepo nchini katika mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mfanyabiashara mwenye nyumba na familia Mtwara, anayekaa Mocímboa da Praia miezi minane na kurudi nyumbani kwa sikukuu, ni mkaazi wa Msumbiji kwa hesabu ya siku, na papo hapo ni mkaazi wa Tanzania kwa sababu ya makazi ya kudumu. Nchi zote mbili humtoza mkaazi wake kwa mapato yake ya ndani na ya nje. Maana yake faida ya duka la Mocímboa inadaiwa ritani kote kuwili.

Nchi nyingi hutatua jambo hili kwa mkataba wa kuzuia kutoza kodi mara mbili. Tanzania ina mikataba ya namna hiyo na Zambia, Afrika Kusini, India, Italia, Denmark, Sweden, Norway, Finland na Canada. Msumbiji nayo inayo na Ureno, Mauritius, Afrika Kusini, India, Italia, Botswana na nyinginezo. Lakini kati ya Tanzania na Msumbiji, majirani wanaotenganishwa na mto Ruvuma tu, hakuna mkataba wa kodi ya mapato unaotumika. Kwa hiyo mfanyabiashara anabaki na kinga moja: nafuu ambayo sheria ya kila nchi inatoa kwa kodi iliyokwisha kulipwa nchi nyingine. Nafuu hiyo haiji yenyewe. Inaombwa kwenye ritani, na inatolewa kwa ushahidi.

UPANDE WA MSUMBIJI

Chombo kinachokusanya kodi ni Autoridade Tributária de Moçambique, kilichoundwa kwa Sheria Na. 1/2006. Watu wa pwani bado wanaiita ofisi yake "Finanças". Kwa wilaya za kaskazini, kituo kikubwa cha mambo ya kodi ni Pemba, makao makuu ya jimbo.

Utahitaji vitu hivi:

1. NUIT. Hii ni namba ya mlipakodi yenye tarakimu 9. Bila NUIT huwezi kuandikisha biashara wala kuwasilisha ritani. Namba hii ni ya mtu na hudumu naye. Ukihama Palma kwenda Pemba unabaki nayo ileile.

2. DIRE. Hiki ni kitambulisho cha mgeni mkaazi kinachotolewa na idara ya uhamiaji. Ukaazi wa uhamiaji na ukaazi wa kodi ni mambo mawili. Mtu asiye na DIRE lakini aliyekaa siku 200 bado ni mkaazi kwa macho ya kodi.

3. Leseni ya biashara (alvará au leseni nyepesi, kulingana na aina ya shughuli) na taarifa ya kuanza shughuli iliyopokelewa na ofisi ya kodi.

Ukishaandikishwa, kuna njia mbili.

Njia ya kwanza: ISPC

Hii ni kodi iliyorahisishwa kwa walipakodi wadogo, iliyowekwa na Sheria Na. 5/2009. Mwenye kuichagua hatozwi IRPS wala IVA kwa mauzo ya biashara hiyo. Kama ilivyowekwa mwaka 2009, ilikuwa kwa wenye mauzo yasiyozidi metikali 2,500,000 kwa mwaka, kwa kiwango cha asilimia 3 ya mauzo au metikali 75,000 kwa mwaka mzima, malipo yakigawanywa kwa robo za mwaka. Kabla ya kulipa, omba ofisini jedwali la mwaka husika, kwa kuwa viwango na ukomo wa mauzo hubadilishwa na sheria mpya za kodi.

Uzuri wa ISPC ni wepesi wake. Ubaya wake ni kwamba inahesabiwa kwa mauzo, si kwa faida. Mwenye duka la jumla anayepata faida ndogo kwa kila gunia anaweza kulipa hata katika mwaka wa hasara. Na lipo jambo jingine kwa Mtanzania: nafuu ya Tanzania hutolewa kwa kodi ya mapato ya nje. Kwa kuwa ISPC inachukua nafasi ya kodi ya mapato na ya IVA kwa pamoja, pata maelekezo ya maandishi kutoka ofisi yako ya TRA kabla ya kuitegemea kama kodi ya kuombea nafuu.

Njia ya pili: IRPS ya kawaida

Mapato hugawanywa katika makundi matano: ajira, biashara na taaluma, mitaji, pango la nyumba na mali, na mengineyo. Mfanyabiashara na msafirishaji binafsi wako kundi la pili. Ritani ya mwaka hujazwa kwenye fomu inayoitwa Modelo 10. Mwaka wa kodi ni Januari hadi Desemba, na mwenye mapato ya biashara huwasilisha ritani hadi tarehe 30 Aprili ya mwaka unaofuata.

Kwa mujibu wa marekebisho ya Sheria Na. 20/2013, metikali 225,000 za kwanza za pato la mwaka hazitozwi. Kinachozidi hutozwa hivi:
- Metikali 42,000 za kwanza: asilimia 10
- Kutoka 42,001 hadi 168,000: asilimia 15
- Kutoka 168,001 hadi 504,000: asilimia 20
- Kutoka 504,001 hadi 1,512,000: asilimia 25
- Zaidi ya 1,512,000: asilimia 32

Walioajiriwa, mathalani mafundi na madereva katika kampuni zinazohudumia mradi wa gesi wa Afungi karibu na Palma, wana nafuu ya kazi. Tangu marekebisho hayo ya 2013, kodi inayokatwa na mwajiri kwenye mshahara wa mkaazi ni ya mwisho. Kama huna pato jingine lolote, hudaiwi Modelo 10 kwa mshahara huo. Lakini dai kwa mwajiri hati ya mwaka inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa. Utaihitaji ng'ambo ya mto.

UPANDE WA TANZANIA

Mkaazi wa Tanzania huwasilisha ritani kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa mapato kwisha. Kwa anayefuata mwaka wa kawaida, siku ya mwisho ni 30 Juni. Makadirio ya mwaka hutolewa hadi 31 Machi, na malipo ni awamu nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba.

Wafanyabiashara wadogo wamezoea kukadiriwa kwa mauzo bila kuandaa ritani kamili. Utaratibu huo, ambao tangu 2019 uliwekewa ukomo wa mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka, una sharti ambalo wengi hawalijui: mapato yote ya mtu lazima yawe yanatokana na biashara iliyo ndani ya Jamhuri ya Muungano peke yake. Mwenye genge Mtwara mjini na duka Palma hana sifa hiyo, hata mauzo yake yakiwa madogo kiasi gani. Anatakiwa kuandaa hesabu na kuwasilisha ritani kamili inayojumuisha mapato ya pande zote mbili.

Kuhusu fedha za kigeni, hesabu zote huwekwa kwa shilingi kwa kiwango cha wakati wa muamala. Kamishna anaweza kuruhusu kwa maandishi utumie kiwango cha wastani. Mwenye miamala midogo mingi ya metikali aombe kibali hicho mapema.

NAFUU YA KODI ILIYOLIPWA NJE: MFANO WA HESABU

Tuchukue mfanyabiashara aliye mkaazi wa nchi zote mbili. Duka lake la Mocímboa da Praia limepata faida ya metikali 600,000. Duka lake la Mtwara limepata faida ya shilingi 12,000,000. Kwa urahisi wa hesabu, tuseme metikali 1 ni shilingi 40.

Msumbiji: 600,000 toa 225,000 ni 375,000. Kodi yake: 42,000 kwa asilimia 10 ni 4,200, 126,000 kwa asilimia 15 ni 18,900, 207,000 zilizobaki kwa asilimia 20 ni 41,400. Jumla metikali 64,500, sawa na shilingi 2,580,000.

Tanzania: Faida ya Mocímboa ni shilingi 24,000,000. Ukijumlisha na ya Mtwara unapata 36,000,000. Kwa viwango vya mtu binafsi Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, shilingi 3,240,000 za kwanza hazitozwi, na kodi ya milioni 12 za kwanza kwa jumla ni 1,536,000. Milioni 24 zinazobaki hutozwa asilimia 30, yaani 7,200,000. Jumla ni 8,736,000.

Nafuu: Tanzania inaruhusu kuondoa kodi iliyolipwa nje, mradi isizidi kiwango cha wastani cha kodi yako ya Tanzania kwa pato hilo la nje. Wastani hapa ni 8,736,000 gawa kwa 36,000,000, yaani takriban asilimia 24.3. Kwa pato la milioni 24, ukomo wa nafuu ni 5,824,000. Kodi ya Msumbiji ni 2,580,000, iko chini ya ukomo, hivyo inaondolewa yote. Anabaki na shilingi 6,156,000 za kulipa Tanzania.

Sasa tuseme mtu huyuhuyu alilipa Msumbiji lakini hana hati. TRA haitakuwa na cha kuondoa. Atalipa 8,736,000 kamili juu ya 2,580,000 alizokwisha kulipa ng'ambo, jumla 11,316,000. Karatasi moja iliyopotea imemgharimu shilingi 2,580,000.

Zingatia pia kwamba nafuu haifuti tofauti ya viwango. Ukilipa asilimia ndogo Msumbiji, Tanzania huchukua kinachopungua.

KALENDA YA MWAKA

Januari – Februari: Funga daftari la mwaka uliokwisha. Hesabu siku ulizokaa kila nchi. Kusanya hati za kodi iliyokatwa na wateja au mwajiri.
31 Machi: Makadirio na awamu ya kwanza TRA.
30 Aprili: Modelo 10 Msumbiji.
Mei: Chukua nakala ya ritani iliyogongwa muhuri na uthibitisho wa malipo. Peleka kwa mtafsiri.
30 Juni: Ritani ya mwaka uliopita TRA, ukiambatanisha madai ya nafuu; pamoja na awamu ya pili ya mwaka huu.

Kama unavyoona, tarehe zenyewe zinakusaidia. Ukianza na Msumbiji unabaki na miezi miwili ya kuandaa ushahidi kwa ajili ya Tanzania. Ukianza na Tanzania utakuwa unadai nafuu ya kodi ambayo bado hujaionyesha.

KARATASI ZA KUTUNZA

1. Pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria yenye mihuri ya kuingia na kutoka. Anayevuka kwa mashua bila kupita kituo cha uhamiaji hana namna ya kuthibitisha siku zake, nchi yoyote itakapomwuliza.
2. Daftari la siku: tarehe, umelala wapi, umevuka wapi.
3. Ankara za manunuzi na mauzo. Kwa anayenunua Mtwara, dai risiti ya mashine ya kielektroniki. Ndiyo gharama utakayoweza kuonyesha.
4. Hati za forodha za pande zote mbili. Ingawa si ritani, zinathibitisha gharama ya mzigo, na gharama hupunguza faida inayotozwa.
5. Nakala ya Modelo 10 na uthibitisho wa malipo. Hati hizi ziko kwa Kireno, na Kamishna wa TRA anaweza kudai tafsiri kwa gharama yako.
6. Nakala za yote hayo mahali pengine, mbali na duka.

Namba 6 si ya kupuuza. Mji wa Mocímboa da Praia ulivamiwa tarehe 5 Oktoba 2017, ukatekwa Agosti 2020, na kukombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda Agosti 2021. Palma ilivamiwa tarehe 24 Machi 2021. Watu walikimbia na nguo walizovaa. Maduka yakaachwa na daftari zake. Siku hizi simu inapiga picha ya karatasi kwa sekunde chache. Tuma picha hizo kwa ndugu aliye Mtwara au Dar es Salaam.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Nilikimbia vita na sijarudi. Je, bado ninadaiwa ritani Msumbiji?
Kufunga duka si kufunga hesabu ya kodi. Kama hukuwasilisha taarifa ya kusitisha shughuli, NUIT yako inaweza kuendelea kuonyesha biashara iliyo hai yenye ritani zisizowasilishwa. Nenda mwenyewe au tuma mwakilishi mwenye hati ya uwakilishi hadi ofisi ya kodi Pemba, eleza tarehe uliyoacha, na usitishe rasmi. Fanya hivyo kabla ya kuomba leseni mpya.

Karatasi zangu ziliungua. Nifanyeje?
Ritani ulizowasilisha na malipo uliyofanya vina kumbukumbu upande wa ofisi iliyovipokea. Kwa kutumia NUIT yako, omba hati ya kuthibitisha. Benki uliyolipia pia inaweza kutoa taarifa ya akaunti. Kwa manunuzi ya Tanzania, omba nakala kwa waliokuuzia.

Mimi ni dereva wa lori. Ninaingia Msumbiji mara mbili kwa mwezi, ninashusha na kurudi.
Kama umeajiriwa na kampuni ya Tanzania, hufikishi siku 180 na huna makazi Msumbiji, wewe si mkaazi wa huko. Kodi ya mshahara wako inakatwa na mwajiri Tanzania. Mwenye lori ndiye wa kuwa mwangalifu: malipo ya huduma anayopewa na mteja wa Msumbiji asiye na ofisi yake huko yanaweza kukatwa kodi ya zuio. Likikatwa, dai hati siku hiyohiyo.

Nina mke na nyumba Palma, na nina mke na nyumba Mtwara. Mimi ni mkaazi wa wapi?
Huenda wa kote kuwili. Sheria zinatazama nyumba na siku. Hesabu yako ndiyo ile ya mfano hapo juu.

Biashara ilikuwa hasara. Niwasilishe nini?
Wasilisha ritani yenye hasara. Ritani isiyo na kodi ya kulipa bado ni ritani, na ndiyo inayokulinda na faini ya kuchelewa na makadirio ya kukisiwa na ofisa. Na ukihitaji Msumbiji hati ya kutodaiwa kodi, ritani zako zote zinapaswa kuwa zimewasilishwa.

Je, TRA itajuaje kuhusu duka langu la Palma?
Fedha hupita benki na kwenye simu, mzigo hupita forodha kwa TIN yako, na pasipoti ina mihuri. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu kwa miaka mitano, na ukaguzi unaweza kurudi nyuma kipindi hicho. Anayelipa Msumbiji ana sababu ya kujitokeza mwenyewe, kwa kuwa ana nafuu ya kudai.

KWA MUHTASARI

Hesabu siku zako. Jua kama una ukaazi mmoja au miwili. Chagua njia ya kodi Msumbiji ukijua athari zake Tanzania. Wasilisha Msumbiji hadi 30 Aprili, chukua ushahidi, kisha wasilisha Tanzania hadi 30 Juni. Mwenye mauzo makubwa au madeni ya miaka ya nyuma amtafute mhasibu anayejua Kireno na Kiswahili. Gharama yake ni ndogo kuliko kodi inayolipwa mara mbili.